Jeraha la Shingo na Urefu wa Barabara: Tiba ya Dharura kwa Aliyekatwa Mishipa Mikuu ya Damu Mkoani Simiyu

Shingo ya mtu mzima haizidi urefu wa kiganja, lakini ni vigumu kutaja sehemu nyingine ya mwili iliyobeba mambo mengi ya uhai katika nafasi finyu kiasi hicho. Humo hupita njia ya hewa, njia ya chakula, uti wa mgongo, na mishipa mikuu ipelekayo damu kichwani na kuirudisha moyoni. Kwa upande wa mbele na ubavuni, ngao yake ni ngozi, mafuta kidogo na msuli mwembamba uitwao platisma. Kisu, mshale, panga, kipande cha kioo au pembe la ng'ombe likiisha kuupenya msuli huo, tabibu hana budi kulihesabu jeraha hilo kuwa la hatari, hata kama tundu lake ni dogo kama la kifungo cha shati.

Makala haya yanaeleza namna majeruhi wa aina hiyo anavyopaswa kuhudumiwa, tangu pale alipoangukia hadi chumba cha upasuaji. Yamekusudiwa kwa makundi mawili: wananchi, ambao ndio huwa wa kwanza kumfikia majeruhi, na watumishi wenzetu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Hoja yake kuu ni moja: majeruhi wa shingo huokolewa na mkono unaoziba damu mapema na usiondoke hadi mpasuaji aufikie mshipa. Yote mengine hujengwa juu ya msingi huo.

Umbali kama sehemu ya ugonjwa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya wafugaji na wakulima wa pamba, ambako panga, shoka na kisu ni vyombo vya kazi vilivyomo katika kila kaya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo mjini Bariadi. Mgonjwa anayehitaji huduma za juu zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, iliyoanza kazi mwaka 1971. Safari hiyo hupita Lamadi na Magu, nayo ni zaidi ya kilomita 150. Kwa anayetoka vijiji vya Meatu, safari ya kwanza, ile ya kufika tu Bariadi, huweza kuanza kwa bodaboda au mkokoteni wa ng'ombe, na wakati wa masika mito hujaa na kukata njia.

Tatizo hili si la kubuni. Mwaka 2014 madaktari wa Bugando, Gilyoma, Hauli na Chalya, walichapisha mapitio ya wagonjwa 98 waliotibiwa hospitalini hapo kwa majeraha ya kukatwa koo. Zaidi ya nusu walikuwa wamejeruhiwa na watu wengine, takriban theluthi moja walikuwa wamejijeruhi wenyewe, na waliobaki walipata ajali. Katika wengi wao jeraha lilikuwa katikati ya shingo, na zaidi ya nusu walikuwa wameumia zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kila tisa alifariki. Takwimu za hospitali, hata hivyo, huwahesabu waliofika. Wale ambao damu yao iliishia njiani hawamo katika hesabu hiyo, nao ndio makala haya yanawatazama zaidi.

Mishipa inayohusika na hesabu ya damu

Kila upande wa shingo una ateri kubwa iitwayo karotidi, ambayo mapigo yake husikika ukiweka vidole kando ya kikoromeo. Ubavuni mwake hulala vena ya jugula, inayorudisha damu kutoka kichwani. Nyuma zaidi, ndani ya mifupa ya shingo, hupanda ateri ya vetebra. Chini kabisa, nyuma ya mtulinga, ipo mishipa mikubwa ya mkono inayotoka kifuani.

Ateri moja ya karotidi hupitisha takriban mililita 300 hadi 400 za damu kwa dakika. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 ana damu ya lita nne na kidogo tu. Akipoteza zaidi ya asilimia 40 ya damu hiyo, yaani kiasi cha lita moja na robo tatu, maisha yake huwa ukingoni. Gawanya hesabu hiyo, nawe utaona kwamba ateri iliyo wazi yaweza kummaliza mtu kwa dakika tano hivi. Hakuna gari la wagonjwa liwezalo kufika kijijini kwa dakika tano. Hatima ya majeruhi imo mikononi mwa aliye karibu naye.

Ateri iliyokatwa kabisa huweza kujikunja na kujivuta ndani ya nyama, tundu lake likasinyaa na damu ikapungua. Ateri iliyochanika ubavu tu haiwezi kujivuta hivyo, na hubaki ikimwaga. Ndiyo sababu jeraha dogo la ncha ya kisu laweza kutoa damu nyingi kuliko mkato mpana.

Vena nayo ina hatari yake ya pekee. Mtu anapovuta pumzi, shinikizo ndani ya vena za shingo huweza kushuka chini ya lile la hewa ya nje. Vena ikiwa wazi, hewa hufyonzwa ndani, hufika moyoni na kuuzuia kusukuma damu. Jeraha la vena halina budi kuzibwa lisipitishe hewa, hata kama damu yake inatoka taratibu.

Hatari ya tatu imejificha. Damu isipopata njia ya kutoka nje hujikusanya ndani na kuunda uvimbe, nao hukandamiza koo la hewa. Majeruhi aliyefika akizungumza vizuri huweza kuanza kukoroma, kisha akakosa pumzi katika muda mfupi. Mabadiliko ya sauti ni onyo la kwanza, wala yasisubiri onyo la pili.

Dakika za kwanza: kazi ya mwananchi

La kwanza ni kukandamiza. Tafuta mahali hasa damu inapotokea, weka kitambaa safi, kanga au kitenge kilichokunjwa, na ukandamize hapo hapo kwa vidole au kiganja. Ikiwa ipo mifuko safi ya plastiki au glavu, ziweke mkononi ili nawe ujilinde. Vidole viwili vinavyobana penye tundu hufaa kuliko lundo la nguo lililowekwa juu juu. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza, kwa maana kukiondoa ni kung'oa damu iliyoanza kuganda. Usifunue kila mara kutazama kama damu imekoma.

La pili, usizungushe kamba wala bendeji kuzunguka shingo. Itabana njia ya hewa na mishipa ya upande mzima. Ikilazimu kufunga, bendeji ipite juu ya jeraha kisha chini ya kwapa la upande wa pili. Vilevile usikandamize pande zote mbili za shingo kwa wakati mmoja, maana ubongo hautapata damu.

La tatu, kilichochomwa na kubaki shingoni kisichomolewe, kiwe kisu, mshale au kijiti. Huenda hicho ndicho kinachoziba mshipa. Kishikilie kisitikisike kwa kukizungushia vitambaa pande zote, na safari ianze kikiwa pale pale.

La nne ni mlalo. Anayepumua bila shida alazwe chali, kichwa kisiinuliwe kwa mto, ili hewa isifyonzwe katika vena. Anayetokwa na damu mdomoni, au anayehangaika kupumua akilala, aachwe aketi akiinamia mbele kama mwili wake unavyotaka. Ukimlazimisha alale utamzamisha katika damu yake mwenyewe.

La tano, usitie kitu ndani ya jeraha: majivu, udongo, sukari, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Usimpe chakula wala kinywaji. Kisha safari ianze mara moja, aliyeziba damu akiwa ndani ya chombo pamoja na majeruhi, na mkono wake ukiwa palepale. Akichoka, mwingine apokee kwa zamu bila kuacha nafasi kati ya mkono na mkono. Kwa bodaboda, majeruhi akae katikati, na wa nyuma yake amshikilie huku akikandamiza.

Katika zahanati na kituo cha afya

Mtumishi anayempokea majeruhi aanze na njia ya hewa, akitumia mikono ya wenzake kuendelea kuziba damu. Aweke oksijeni na kunyonya damu mdomoni. Mkato mpana ukiwa umefungua zoloto au koo la hewa, na mgonjwa anapumulia jerahani, mpira wa hewa waweza kupitishwa kwa uangalifu katika tundu hilo hilo. Uvimbe unaokua ni sababu ya kuweka mpira wa hewa mapema, kabla ya safari ya rufaa, kwa mkono wenye uzoefu kuliko yote iliyopo. Mpira ukishindikana kupita mdomoni, njia ya dharura hufunguliwa mbele ya shingo.

Vidole na chachi vikishindwa kuzuia damu, kuna chombo kinachopatikana karibu kila kituo: katheta ya Foley, ile itumikayo kutoa mkojo. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza matumizi yake katika majeraha ya shingo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo imeokoa watu wengi. Katheta ya ukubwa wa 18 au 20 huingizwa taratibu katika tundu la jeraha kwa kufuata njia ya kisu, kisha puto lake hujazwa maji safi ya sindano, kwa kawaida mililita 5 hadi 15, mpaka damu ikome au mkono uhisi ukinzani. Mpira wa katheta hubanwa ili damu isipite ndani yake, na ngozi hushonwa kuizunguka ili puto lisitoke. Mgonjwa husafirishwa puto likiwa limejaa. Haliguswi tena mpaka mbele ya mpasuaji.

Yapo pia mambo ambayo mtumishi hapaswi kuyafanya. Asichokonoe jeraha kwa kidole, koleo au kijiti ili kujua kina chake, kwani atang'oa bonge la damu linaloziba tundu. Asibane mshipa kwa koleo bila kuuona, maana neva za sauti, ulimi na mkono zipo hapo hapo. Asiingize mpira wa tumboni kwa mgonjwa aliye macho, kwa sababu kukohoa na kujikamua huamsha damu iliyotulia. Wala asifunge kola ngumu ya shingo kwa mazoea tu: kwa jeraha la kisu au mshale lisilo na dalili za kupooza, kola huficha uvimbe unaokua na kuzuia mkono kufika penye damu.

Dripu huhitaji kiasi. Damu iliyokoma haijawa damu iliyopona. Mara nyingi imekoma kwa sababu shinikizo limeshuka na bonge dogo limeziba. Maji mengi yakimiminwa kwa haraka, shinikizo hupanda, bonge hung'oka, na damu iliyobaki huzimuliwa hadi ikashindwa kuganda. Kwa mgonjwa ambaye bado anajitambua na mapigo yake yanasikika kifundoni mwa mkono, mishipa miwili ya dripu ifunguliwe, hasa katika mkono wa upande usioumia, lakini maji yatolewe kidogo kidogo huku damu ikitafutwa.

Asidi traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayosaidia damu kuganda, itolewe mapema. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya kutokwa na damu. Gramu 1 hutolewa kwa dakika 10, ikifuatwa na gramu 1 kwa saa 8. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba faida ipo ndani ya saa 3 za kwanza. Baada ya hapo dawa yaweza kudhuru. Kwa mkoa wenye safari ndefu, maana yake ni kwamba dozi ya kwanza inapaswa kutolewa katika kituo cha kwanza, isingoje Bariadi wala Mwanza. Kinga ya pepopunda na dawa za kuzuia maambukizi zifuate.

Nani apasuliwe wapi

Madaktari huigawa shingo katika kanda tatu. Ya kwanza huanzia mtulinga hadi gegedu ya krikoidi chini ya kikoromeo. Ya pili hutoka hapo hadi pembe ya taya. Ya tatu hupanda hadi chini ya fuvu. Kanda ya pili hufikika kwa urahisi kwa mkato ulio mbele ya msuli mkubwa wa ubavuni mwa shingo. Kanda ya kwanza huenda ikadai kufungua kifua, na ya tatu imefichwa na taya.

Kabla ya rufaa, jambo la kuuliza ni kama mgonjwa anaweza kusubiri. Zipo dalili zisizovumilia kusubiri: damu inayofoka, uvimbe unaokua au unaodunda, mapigo dhaifu na shinikizo lisilopanda, hewa inayobubujika jerahani, kukosa pumzi, na kupooza kwa upande mmoja wa mwili. Mwenye dalili hizo apelekwe kwenye chumba cha upasuaji kilicho karibu zaidi chenye mpasuaji na mtaalamu wa usingizi, hata kama hakina vifaa vyote. Asiye nazo, na ambaye hali yake imetulia, apelekwe penye kipimo cha CT-Scan cha mishipa, ili aepushwe na upasuaji usio wa lazima. Jeraha likizibwa vema na puto, mgonjwa aliyekuwa wa kundi la kwanza huweza kuhamia la pili. Hapo ndipo katheta ya shilingi chache inapoifupisha barabara ya Mwanza.

Mpasuaji huandaa shingo, kifua na paja kwa pamoja, kwa kuwa kifua chaweza kufunguliwa na vena ya paja yaweza kuhitajika kuunganisha ateri. Hutangulia kuushika mshipa chini na juu ya jeraha, ndipo huondoa puto au kidole. Vena ya jugula ya upande mmoja, pamoja na ateri ya karotidi ya nje, zaweza kufungwa bila madhara makubwa. Karotidi kuu na ile ya ndani hushonwa kila inapowezekana, kwa sababu kuzifunga huweza kuleta kiharusi. Hilo lilionekana zamani: mwaka 1552 mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré alifunga mishipa ya shingo ya askari aliyejeruhiwa; askari alipona, lakini alipoteza uwezo wa kusema na kupooza upande mmoja. Hata hivyo, pale ambapo damu haizuiliki kwa njia nyingine, kufunga ateri ni halali, kwa kuwa uhai hutangulia.

Kabla ya kushona, umio nao hukaguliwa. Tundu la umio lisiloonekana siku ya kwanza huvujisha mate na chakula kifuani, na usaha wake huua siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshaamini kuwa hatari imepita. Maumivu wakati wa kumeza na hewa inayosikika chini ya ngozi ni dalili za kutafutwa kila siku.

Thamani ya kuwahi ilidhihirishwa mwaka 1956, pale Fogelman na Stewart walipotoa taarifa ya majeruhi 100 wa shingo mjini Dallas, Marekani. Miongoni mwa waliopasuliwa mapema walifariki asilimia 6. Miongoni mwa waliocheleweshwa walifariki asilimia 35. Vipimo vya leo vimepunguza idadi ya wanaolazimika kupasuliwa, ila kwa yule anayetokwa na damu hoja hiyo haijabadilika.

Vizuizi vilivyo mikononi mwetu

Kizuizi cha kwanza ni karatasi. Wapo ndugu wanaompeleka majeruhi kituo cha polisi kwanza kuchukua fomu namba 3, maarufu kama PF3, huku damu ikiendelea kutoka. Fomu hiyo ni ya muhimu kwa haki na ushahidi, lakini inaweza kuletwa na ndugu mwingine wakati majeruhi anatibiwa. Mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza. Mtumishi anayemzuia mlangoni kwa sababu ya fomu hakulinda sheria yoyote.

Kizuizi cha pili ni damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo chake cha kanda Mwanza, lakini akiba ya hospitali hutegemea wachangiaji wa eneo husika, na shule za sekondari zikifungwa hupungua. Ndugu wenye afya wafuatane na majeruhi ili wachangie. Kijiji kinachochangia kabla ya msiba hujiwekea akiba yake chenyewe.

Kizuizi cha tatu ni mawasiliano. Simu ipigwe kabla gari halijaondoka: jeraha liko wapi, limezibwa kwa nini, dawa gani imetolewa na saa ngapi, kundi la damu ni lipi. Mfumo wa m-mama, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga kwa kupiga namba 115, umeonyesha kwamba hata vijijini gari na hospitali vinaweza kuunganishwa kwa simu moja. Majeruhi wanastahili utaratibu wa namna hiyo.

Kizuizi cha nne ni aibu. Wale waliojijeruhi wenyewe huweza kufichwa na jamaa, kwa kuogopa maneno ya watu na pia kwa sababu Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Hao nao ni wagonjwa kama wengine. Jeraha lao lizibwe kwa haraka ileile, wasiachwe peke yao wodini, na waonane na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa. Kushona shingo na kumrudisha mtu katika dhiki ile ile iliyomfikisha hapo ni kufanya nusu ya tiba.

Mengi yaliyoelezwa humu hayangoji mashine mpya. Kukandamiza hufundishika katika mkutano mmoja wa kijiji, kwa waendesha bodaboda, wachunga ng'ombe, walimu na mgambo. Katheta, chachi na asidi traneksamiki hukaa katika sanduku moja dogo la dharura, na mganga mfawidhi wa kila kituo anaweza kulikagua kila Jumatatu. Anayesoma makala haya akiwa kazini Mwanhuzi, Lagangabilili au Nyashimo na aanze kwa kulitafuta sanduku hilo leo, ahakikishe vilivyomo, na awaonyeshe wenzake wa zamu namna puto linavyojazwa, kabla majeruhi hajafika mlangoni.